Udhibiti wa utendakazi katika serikali ya kaunti: maana yake

Udhibiti wa utendakazi ni utaratibu wa kuhakikisha kwamba kazi iliyoahidiwa ndiyo inayofanywa, na mambo yakienda kombo yajulikane mapema. Usiuchanganye na ukaguzi wa hesabu. Mkaguzi Mkuu huja mwaka ukishakwisha na kuuliza pesa zilikwenda wapi. Udhibiti huuliza miezi mitatu tu baada ya mwaka kuanza, kukiwa bado na la kurekebisha.

Msingi wake uko katika sheria za Kenya za 2012 za ugatuzi, yaani kuhamishia madaraka kaunti. Mpango wa maendeleo wa miaka 5 hugawanywa kuwa mipango ya kila mwaka, na mpango wa mwaka unapaswa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Humo ndimo bajeti inamochipuka, kisha mikataba ya utendakazi: gavana na mawaziri wake, mawaziri na maafisa wakuu, hadi chini. Robo ya mwaka ikiisha, idara ina siku 15 za kupeleka ripoti kwa hazina ya kaunti, nayo hazina hupewa mwezi mmoja tangu robo iishe kuiwasilisha katika bunge la kaunti.

Shida kubwa ni kipimo. Tuseme idara ya maji ya Kisumu imeahidi "kuchimba kisima 1" huko Nyakach. Kisima kinachimbwa, mkandarasi analipwa, ripoti inasoma asilimia 100. Lakini pampu haina umeme, na akina mama bado wanashuka mtoni na mitungi. Hakuna aliyedanganya, kilichohesabiwa ni shimo, si maji. Kipimo cha maana kingeuliza ni nyumba ngapi zinateka hapo, na madebe mangapi kwa siku, ukilinganisha na hali ya kabla ya kuchimba. Hesabu hiyo ya awali ndiyo husahaulika mno, na bila hiyo mwakilishi wa wadi hana la kushika anapouliza maswali. Isitoshe, idara ikiachiwa kujiwekea malengo, hujiwekea yale mepesi.

Halafu kuna mgao wa Hazina ya Kitaifa, ambao huchelewa. Robo nzima hupita kazi zimelala, kisha Juni malipo yanakimbizwa kabla mwaka wa fedha kufungwa, na yasiyolipwa hugeuka madeni. Afisa wa barabara Nakuru aliyepokea pesa Mei hawezi kupimwa sawasawa na aliyezipokea Septemba: mtu hupimwa kwa yaliyo mikononi mwake. Kwa hiyo ripoti ya robo inahitaji safu moja zaidi, ya tarehe pesa zilipoingia.