Je, wajua? Kwa nini "wingi wa damu" wa mjamzito hushuka wakati damu yenyewe inaongezeka

Mama ana mimba ya miezi sita. Anatoka chumba cha vipimo na kadi yake ya kliniki imeandikwa 10.4, wakati mwezi wa tatu ilisoma 11.9. Mchicha anakula, maharage anakula, mtori haukosekani, na Jumapili nyama ipo. Akifika nyumbani, Arusha au Moshi, swali ni lile lile: damu imeenda wapi?

Haijaenda popote. Imeongezeka, tena sana. Kinachotuchanganya ni jina la kipimo. Tumezoea kuita "kupima wingi wa damu", na anayesikia hivyo anafikiri wanapima lita. Kumbe kinachopimwa ni jinsi damu ilivyokolea: katika mililita 100 za damu kuna gramu ngapi za himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni na ambayo haiwezi kutengenezwa bila madini chuma.

Chukua sufuria ya mtori wa watu wanne. Wageni wamefika ghafla, mwenye nyumba akaongeza vikombe vitatu vya maji na vipande viwili vya nyama. Mtori sasa ni mwingi kuliko mwanzo, na nyama pia imeongezeka, lakini anayepakuliwa bakuli moja anapata nyama chache kuliko awali. Mwili wa mjamzito unafanya hivyo hivyo. Kuanzia kama wiki ya 6, majimaji ya damu, yaani plazma, huanza kuongezeka, na ikifika wiki ya 32 au 34 yamezidi kiwango cha kawaida kwa asilimia 40 hadi 50. Seli nyekundu nazo zinaongezeka, lakini kwa asilimia 20 hadi 30 tu, tena zinachelewa kuanza. Ndiyo maana namba hushuka zaidi kati ya mwezi wa sita na wa nane, kisha kwa mwenye chuma cha kutosha hupanda kidogo karibu na kujifungua.

Mwili hauongezi maji hayo kwa bahati mbaya. Damu nyepesi inapita kwa urahisi kwenye kondo la nyuma, na siku ya kujifungua, mama anapopoteza mililita mia kadhaa, anakuwa na ziada ya kupoteza. Hata namba kubwa si ya kushangilia kila mara: mjamzito wa miezi minane ambaye damu yake inasoma zaidi ya 13 anastahili kupimwa presha na mkojo kwa makini, kwa sababu damu isiyopata majimaji ya kutosha huonekana mara nyingi kwa wenye kifafa cha mimba na kwa watoto wanaozaliwa na uzito mdogo.

Kwa kuzingatia mabadiliko hayo, Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka inayobadilika: chini ya 11 ni upungufu katika miezi mitatu ya kwanza, chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya kati (kwa hiyo 10.4 ya mama tuliyeanza naye tayari iko chini kidogo ya mpaka), na chini ya 11 tena katika miezi mitatu ya mwisho. Chini ya 7 ni upungufu mkali, na hapo hakuna kusubiri kliniki ijayo, ni hospitali.

Kwa wakazi wa Kaskazini kuna jambo moja zaidi, na wengi hawajawahi kuambiwa. Kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, hewa inakuwa na oksijeni kidogo, na mwili unafidia kwa kutengeneza himoglobini zaidi. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Moshi mjini haifiki mita 1,000, ila ukipanda kuelekea Marangu au Machame unazivuka. Katika mwongozo wake wa 2024, Shirika la Afya Duniani linataka namba ipunguzwe kabla ya kulinganishwa na mpaka: 0.4 kwa anayeishi kati ya mita 500 na 999, 0.8 kati ya mita 1,000 na 1,499, na 1.1 kati ya mita 1,500 na 1,999. Maana yake damu ya 11.2 kwa mama anayeishi Arusha ni sawa na 10.4 kwa mama wa Tanga. Yule wa Arusha anaweza kuambiwa "uko vizuri" kumbe ameshavuka mpaka. Namba yako ikicheza kati ya 11 na 12, muulize mtoa huduma kama wamezingatia mwinuko.

Kipimo chenyewe nacho kina hila zake. Kidole kinachotobolewa kiwe cha moto, si kile kilichotoka kwenye baridi ya asubuhi ya Julai. Tone la kwanza lifutwe, na matone yanayofuata yatoke yenyewe. Kidole kikikamuliwa kama chungwa, majimaji ya kwenye nyama yanachanganyika na damu na namba inashuka kwa uongo. Kinyume chake, mama aliyetapika siku mbili na hajanywa maji anaweza kusoma juu kuliko hali yake halisi.

Hayo yote yanaeleza kushuka kidogo. Hayaelezi 8. Hapo tunazungumzia chuma chenyewe.

Mimba moja hutumia chuma kama miligramu 1,000 kwa jumla. Karibu 300 zinakwenda kwa mtoto na kondo, kama 450 hivi zinatengeneza seli nyekundu mpya za mama, na zilizobaki ni zile ambazo mwili hupoteza kila siku. Wanawake wengi huanza mimba wakiwa na akiba isiyofika 300. Miezi ya mwisho mwili unahitaji kufyonza miligramu 6 hivi kwa siku, wakati mbogamboga na nafaka huachia asilimia 2 hadi 10 tu ya chuma chake. Nyama nyekundu, kuku na samaki huachia zaidi, asilimia 15 hadi 35. Fanya hesabu mwenyewe uone kwa nini bakuli la mchicha, hata liwe kubwa namna gani, halifiki.

Na hicho kidogo kinachopatikana, mara nyingi tunakizuia sisi wenyewe mezani. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inaweza kupunguza ufyonzwaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo hufanya hivyo hivyo kwa kiwango pungufu kidogo. Samahani kwa watu wa Kilimanjaro. Hatusemi iachwe, tunasema isogezwe: saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Nafasi yake mezani ichukuliwe na kitu chenye vitamini C, kama chungwa, kipande cha papai au kachumbari iliyokamuliwa limau. Kipande kidogo tu cha nyama au kiganja cha dagaa ndani ya maharage kinasaidia hata chuma cha yale maharage kufyonzwa vizuri zaidi.

Makande yanastahili maelezo yake. Mahindi na maharage yana fiteti, kemikali inayokamata chuma na kutoka nacho. Dawa yake ni kuloweka usiku kucha, saa 8 hadi 12, kumwaga maji yale, kisha kuchemsha kwa maji mapya. Wengi huruka hatua hiyo na kutia magadi ili yaive upesi. Magadi huua vitamini B1 na C, yanapunguza asidi ambayo chuma kinahitaji ili kiyeyuke, na magadi ya ukanda huu mengi yana floraidi nyingi, juu ya ile ambayo tayari iko kwenye maji ya vijiji vingi vinavyouzunguka mlima Meru. Yaliyolowekwa vizuri hayahitaji magadi.

Halafu kuna imani ya rangi: rozela, bitiruti, soda nyekundu. Rangi nyekundu si chuma, na rozela ina kemikali za jamii ile ile inayopatikana kwenye chai. Kisusio, supu ya damu ya Wachagga, hiyo ndiyo yenye chuma cha kweli, mradi iive hadi ichemke hasa. Damu mbichi na maziwa yasiyochemshwa vinaweza kuleta ugonjwa wa brusela, na brusela huharibu mimba. Maini pia yana chuma kingi, ila yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto anayeumbika. Miezi mitatu ya kwanza yaache. Baadaye kipande kidogo mara moja moja kinatosha.

Kwa kuwa chakula peke yake hakifiki, ndipo vinapoingia vile vidonge vya FEFO vinavyotolewa kliniki. Kidonge chenye ferasi salfeti miligramu 200 hubeba chuma halisi kama miligramu 60, pamoja na foliki asidi. Ni kimoja kila siku, mimba nzima. Kinafyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, kwa maji au juisi ya chungwa, si kwa chai wala maziwa, na kisikutane na dawa za kiungulia wala vidonge vya kalsiamu. Vipishane kwa saa mbili. Kikikuletea kichefuchefu, kimeze usiku kabla ya kulala na chakula kidogo. Kinyesi kuwa cheusi ni kawaida. Choo kikiwa kigumu, ongeza maji, papai na kutembea. Vidonge vingi huishia kwenye droo kwa sababu hakuna aliyemwambia mama mapema kuhusu hicho kinyesi cheusi. Na droo hiyo ifungwe: vidonge vichache tu vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo anayedhani ni pipi.

Aliyekutwa na upungufu hupewa dozi kubwa zaidi, kwa kawaida miligramu 120 za chuma kwa siku, na kupimwa tena baada ya wiki 4. Tarajia namba ipande kama 1. Isipopanda ilhali vidonge vimemezwa kweli, kuna kinachovuja au kinachozuia. Kwa huku kwetu mtuhumiwa wa kwanza ni minyoo ya safura, inayoingilia nyayoni kwenye udongo wenye unyevu, na shamba la migomba ndilo makazi yake. Vaa viatu, na baada ya miezi mitatu ya kwanza utapewa albendazo miligramu 400 au mebendazo miligramu 500, dozi moja. Mwingine ni malaria. Arusha mjini ni nadra, lakini ukitelemka maeneo ya chini yenye joto mambo ni mengine. Dawa ya SP, ya kumkinga mjamzito na malaria, huanza wiki ya 13, kila dozi ikipishana na nyingine kwa angalau mwezi mmoja, isipokuwa kwa anayetumia septrini kila siku. Angalizo ambalo hata baadhi ya maduka ya dawa hulisahau: foliki asidi ya miligramu 5 hudhoofisha SP. Ile ya miligramu 0.4 haina shida. Vikishaondolewa hivyo, daktari atatafuta selimundu, figo, VVU na mengineyo.

Udongo wa kula, ule unaouzwa sokoni kwa vipande na wengine huuita pemba, hauongezi damu. Hukamata chuma tumboni, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo hata madini ya risasi. Ila mama anayeutamani asichekwe. Hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa chuma, na kwa wengi hupungua chuma kikirudi. Mtajie nesi, kwake ni dalili kama dalili nyingine.

Kwa anayetafuta mimba, kazi inaanza kabla. Pima damu sasa, hasa kama hedhi inazidi siku 7 au inakulazimu kubadilisha pedi kila saa, kwa sababu kujaza akiba tupu kunachukua miezi. Foliki asidi miligramu 0.4 kwa siku ianze angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba na iendelee hadi wiki ya 12. Mrija unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, wakati ambao wengi ndiyo kwanza wanajiuliza kwa nini hedhi imechelewa. Anayeanza kliniki mwezi wa nne akitegemea foliki asidi izuie mgongo wazi amechelewa. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo amwone daktari kabla, maana yeye huhitaji dozi kubwa zaidi katika kipindi hicho.

Kuhema hata ukiwa umekaa, moyo kwenda mbio, kizunguzungu cha kuanguka, viganja na sehemu ya ndani ya kope la chini kuwa vyeupe: usisubiri tarehe ya kwenye kadi. Na ukishajifungua, mtori na kisusio viendelee, lakini FEFO nayo iendelee miezi 3, kwa kuwa akiba imebaki tupu. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kujaribu mimba nyingine.