Kabla hujailaumu saruji, itazame ndoo ya maji

Kazi yangu ni zege. Nalipangia mchanganyiko, naponda michemraba yake ya majaribio maabara, na siku za kumwaga nasimama pembeni ya mashine nikiangalia kinachoingia ndani. Siku hizi naulizwa sana kama zege linaweza kuitwa rafiki wa mazingira. Mwenye kuuliza hutaka ndiyo au hapana, na mimi humrudishia swali: zege lipi, na nani amelichanganya?

Lawama zina msingi. Uzito wa zege kwa sehemu kubwa ni kokoto na mchanga; saruji ni kama asilimia 10 hadi 15 tu. Hata hivyo, karibu hewa chafu yote inatokana na hiyo asilimia ndogo. Kila mwaka dunia hutengeneza takriban tani bilioni 4 za saruji, na kazi hiyo hutoa asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu.

Wengi hudhani kosa ni la moto. Ni kweli tanuri la saruji hufika nyuzi 1,450 za Selsiasi, na moto wa namna hiyo hula makaa mengi. Lakini hata ukilipasha kwa umeme wa jua mtupu, zaidi ya nusu ya hewa hiyo itatoka vilevile, maana imefungwa ndani ya jiwe la chokaa lenyewe. Kilo 100 za jiwe safi zikichomwa hadi mwisho, kilo 44 huruka kama kaboni dioksidi. Kemia haibembelezwi. Chokaa inayobaki huungana na madini ya udongo, vikatoka vibonge vya kijivu viitwavyo klinka, ambavyo husagwa pamoja na jasi kidogo na kuwa saruji. Ndiyo maana mimi sihesabu mifuko ya saruji. Nahesabu klinka.

Klinka inapunguzika. Waroma walichanganya chokaa na majivu ya volkano, na kuba la Pantheon, hekalu la kale mjini Roma, lenye upana wa zaidi ya mita 43 na lisilo na nondo hata moja, limesimama tangu karne ya 2. Leo tunatumia majivu ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, au taka ya tanuri la kuyeyushia chuma iliyosagwa. Vyote viwili ni vizuri, ila majivu yatazidi kuadimika kadiri mitambo hiyo inavyofungwa. Matumaini yangu makubwa yako kwenye udongo wenye kaolini, madini meupe ya mfinyanzi. Ukichomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 hivi, kinachotoka ndani yake ni mvuke wa maji, kisha unasagwa pamoja na jiwe la chokaa ambalo halijachomwa. Klinka inashuka hadi nusu ya saruji, na kaboni dioksidi inaweza kupungua kwa takriban asilimia 40. Udongo wa aina hiyo unapatikana kwa wingi katika nchi nyingi, na hilo peke yake linanifurahisha kuliko uvumbuzi mwingi ninaousikia.

Sasa nije kwenye ndoo.

Tangu Duff Abrams, mtafiti wa zege wa Marekani, alipochapisha utafiti wake mwaka 1918, tunajua kwamba nguvu ya zege inatawaliwa na uwiano wa maji na saruji. Saruji inahitaji maji ya takriban asilimia 40 ya uzito wake ili ikomae. Ya ziada huja kukauka na kuacha vinyweleo. Lakini zege lenye maji mengi huteleza vizuri, halichoshi mikono, kwa hiyo ndoo inaongezwa, kisha nyingine. Ukitoka uwiano wa 0.5 ukafika 0.7, theluthi ya nguvu au zaidi imekwenda na maji.

Kuna kazi moja ambayo michemraba ilishindwa mara tatu mfululizo. Mkandarasi akapendekeza tuongeze mfuko wa kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Kama saruji ni ya klinka karibu tupu, mfuko huo ni takriban kilo 40 za kaboni dioksidi, mara mamia ya mita za ujazo, kwa ajili ya kufidia maji ambayo hayakutakiwa. Nilikataa. Tukaweka dawa ya kulainisha zege, tukafunga bomba, na mchanganyiko uleule ukafaulu. Bado inaniuma nikifikiria kazi ambazo hakuna aliyesimama kukataa.

Kumwagilia nako kunadharauliwa. Zege linataka unyevu siku 7 kwa uchache, na lenye majivu au udongo uliochomwa linataka zaidi. Likiachwa likauke mapema, linalodhoofika ni lile tabaka la juu linalofunika nondo. Maji na chumvi hupenya, kutu inavimba, zege linapasuka, na jengo la kukaa miaka 100 linabomolewa likiwa na miaka 30. Klinka yake tunailipia mara ya pili.

Nasikia pia hoja kwamba zege hunyonya tena kaboni dioksidi kutoka hewani. Hunyonya, ila sehemu tu ya ile iliyotoka jiweni, na polepole mno. Tena ikifika kwenye nondo, inaondoa ile hali ya alkali inayozikinga na kutu, kwa hiyo siihesabu kama faida katika jengo lililo kazini. Afadhali kifusi cha jengo lililokwisha kubomolewa: kikipondwa kinanyonya haraka zaidi, na kinafaa kuwa kokoto, ingawa kinachookolewa hapo ni milima inayochimbwa kokoto zaidi kuliko klinka.

Zege lenye klinka kidogo hukomaa taratibu. Ukilipima siku ya 28 kama desturi, linaweza kuonekana dhaifu, na mhandisi mwenye hofu ataongeza saruji. Kwa hiyo kwenye misingi minene, ambayo itangoja miezi kabla ya kubebeshwa mzigo wake wote, mimi huandika kwenye masharti ya kazi kwamba nguvu ipimwe siku ya 56.