Zilipendwa za Halloween ni nyimbo gani?

Mtanzania akisikia "zilipendwa", au Mkenya akisikia "zilizopendwa", anajua papo hapo ni muziki wa rika gani. Wamarekani nao wanazo zao, hasa santuri za rock and roll na soul za miaka ya 1950 na 1960. Humo mna fungu dogo linalofutwa vumbi kila Oktoba, Halloween inapokaribia: usiku wa tarehe 31, mkesha wa Watakatifu Wote, watoto wanapojivika sura za mizimu na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Fungu hilo ndilo zilipendwa za Halloween.

Nyingi hazikutungwa kwa ajili ya sikukuu hiyo. I Put a Spell on You, aliyoirekodi Screamin' Jay Hawkins mwaka 1956, ni wimbo wa mapenzi: mwanamume anamwambia mpenzi wake kwamba amemroga, ni wake tu. Hawkins alikusudia kuuimba taratibu, lakini pombe ilinyweka studioni na kilichotoka ni mingurumo, vicheko na mayowe. Baadaye akawa anaanza maonyesho yake kwa kutoka ndani ya jeneza, mkononi ana fimbo yenye fuvu. Basi wimbo ukahamia kwa mizimu moja kwa moja.

Lakini ninaoupenda kuliko zote ni Monster Mash wa mwaka 1962. Bobby Pickett, akiiga sauti ya mwigizaji Boris Karloff, anasimulia habari za mwanasayansi ambaye usiku mmoja aliona dubwana lake likiinuka na kuanza kucheza dansi. Usikilize kwa makini. Mlio wa jeneza linalofunguka ni msumari wenye kutu unaong'olewa ubaoni. Yale mapovu ya maabara ni mtu anayepuliza maji kwa mrija. Minyororo ni minyororo kweli, imeangushwa sakafuni. Vitu vya nyumbani tu, na mpaka leo mtoto akisikia anamshika mama mkono huku anacheka! BBC ilikataa kuupiga, ingawa Marekani ulishika namba moja Oktoba ya mwaka huohuo wa 1962. Mwaka 1973 ukarudi kwenye kumi bora za huko, na Uingereza ukafika namba tatu.

Hofu na kicheko kwa pamoja: hicho ndicho kipimo changu. The Purple People Eater ya Sheb Wooley, ya 1958, inakipita vizuri, maana dubwana lake limeshuka kutoka angani likitaka kupiga muziki kwenye bendi. Thriller ya Michael Jackson ilitoka miaka ishirini na zaidi baadaye, ila kwa waliozaliwa karne hii nayo ni ya zamani, na sioni sababu ya kuibania mlango.

Ukiwapangia watoto, anza na Wooley na Pickett. Hawkins mweke usiku, wakishalala.