Riwaya za mapenzi si za kuficha chini ya mto

Wiki iliyopita dada mmoja alisimama mezani kwangu, hapa Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, akachagua riwaya mbili za mapenzi, kisha akaniomba gazeti azifungie. "Ofisini watanicheka, kaka." Nauza vitabu vya mitumba miaka mingi na ombi hilo bado linaniuma. Mtu amenunua kitabu kwa hela yake, anakibeba kama magendo.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: "Vitabu hivi vinawadanganya wanawake." Wanaoisema zaidi ni wanaume, na wengine ni wateja wangu wazuri. Eti mke akisoma habari za tajiri mwenye boti ya kifahari huko Ugiriki, akirudi nyumbani Mbagala atamdharau mumewe.

Ukweli ni kwamba msomaji wa riwaya hizi hadanganyiki. Anaujua mwisho kabla hajatoa hela: wale wawili watapatana. Ndiyo kanuni yake, na mwandishi akiivunja, kitabu kinarudi mezani kwangu na maneno juu. Anachonunua ni saa mbili za kukaa mahali ambapo hakuna anayemdai ada wala kodi ya nyumba. Nina mteja, mama anayekaanga samaki pale Feri. Vidole vyake vina mafuta, kwa hiyo hufunua kurasa kwa ncha ya kucha asizichafue. Huuliza swali moja tu: "Humu kuna bahari ya kuogelea, siyo ya kuvua?" Mama huyu kasomesha watoto kwa karai. Nani wa kumwambia hajui tofauti ya kitabu na maisha?

Na wanaume haohao hununua kwangu riwaya za majasusi. Mtu anaruka kutoka kwenye ndege, anapigwa risasi tatu, jioni yuko hotelini kavaa suti. Sijasikia mke akihofia mumewe atajirusha ghorofani Kariakoo. Ikiwa yeye anajua ni hadithi, mkewe naye anajua.

Huwa nawaambia: chukua kimoja, soma sura mbili tu. Utaona kwamba anachokitamani yule mwanamke mara nyingi si boti. Ni mwanamume anayemsikiliza akiongea, na kesho yake anakumbuka alichoambiwa. Hilo halihitaji utajiri, na hata Mbagala linawezekana leo usiku.

"Ni vya watu wasio na kazi." Hapana. Mills & Boon, kampuni inayojulikana kwa riwaya za mapenzi, ilianzishwa London mwaka 1908 ikichapisha vitabu vya kila namna, hata vya Jack London, mwandishi wa Marekani. Ilijikita kwenye mapenzi miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulipokuwa umeanguka, na vitabu vyake vikaenea kupitia maktaba za kukodisha, msomaji akilipa senti chache. Nami nafanya karibu hivyohivyo: leta kimoja, ongeza kidogo, chukua kingine. Wanaokuja ni manesi waliotoka zamu ya usiku, makarani, mama lishe.

"Hadithi zote ni moja." Harusi nazo zote zinaishia kwenye pilau, na bado tunachanga na tunakwenda. Tazama kinachowatenganisha wapenzi. Mwandishi mbovu huweka ugomvi ambao simu moja ingeumaliza. Mzuri huweka kikwazo ambacho nawe msomaji hujui ungekivukaje. Hapo ndipo ninapopimia kitabu kabla ya kukipanga mezani.

"Ni mambo ya Kizungu." Aliyewahi kusubiri gazeti la wiki ili ajue hadithi inaendeleaje hawezi kusema hivyo. Riwaya pendwa za Kiswahili zimejaa matajiri, majumba na machozi.

"Wanaume hawavisomi." Wanavisoma. Wananiambia ni vya dada zao.

Yule dada sikumpa gazeti. Nilimwambia nampunguzia bei akivibeba wazi. Akafikiri kidogo, kimoja akakitia kwenye mkoba, kingine akakishika mkononi, jalada likitazama barabara.