Kanisa lisilolipa kodi linaruhusiwa kuongea na wabunge?

Kuna imani ya miaka mingi kwamba kanisa la Marekani likitia mguu kwenye bunge la jimbo, linapoteza msamaha wake wa kodi. Si kweli, ingawa kosa hili lina chimbuko linaloeleweka.

Mwaka 1954, seneta Lyndon Johnson aliingiza kwenye sheria ya kodi kifungu kinachokataza taasisi zilizosamehewa kodi kumpigia debe au kumpinga mgombea. Mgombea, siyo muswada. Kushawishi wabunge kuhusu sheria kunaruhusiwa, mradi kusiwe sehemu kubwa ya kazi za taasisi. "Kubwa" ni kiasi gani? Sheria haikutaja asilimia, na nadhani ukimya huo ndio unaowatia woga wahasibu wengi wa makanisa.

Walutheri, kwa mfano, huwashawishi wabunge waziwazi, si kwa kificho. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani, lililoundwa mwaka 1988 kwa kuungana makanisa matatu, lina ofisi za utetezi wa sera katika majimbo kadhaa, zikiwemo Minnesota, Wisconsin, Pennsylvania na California. Watumishi wake hufuatilia miswada, huwaandaa waumini kukutana na wabunge wao, na huzungumzia njaa, makazi na mazingira.

Wengine hupinga wakimtaja Martin Luther mwenyewe, mwanzilishi wa Ulutheri: si alitenganisha falme mbili, ya kiroho na ya serikali? Alizitofautisha, ndiyo, lakini zote alizihesabu za Mungu. Tena mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule. Huo nao ulikuwa utetezi wa sera.