Kabla hujanunua kadi ya grafiki, tuifungue kwanza hiyo mashine

Wiki iliyopita waliingia dukani kwangu, hapa Ngamiani, Tanga, mama na mwanawe wa kidato cha tano, wamebeba kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 iliyofungwa kwa kanga. Kijana aliniamkia, akatoa simu, akanionyesha picha ya kadi ya grafiki (kifaa kinachochora picha za gemu) aliyoiona kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Mama alikuwa na laki mbili na nusu mkobani, na mwanawe alitaka zote ziende kwenye kadi hiyo.

"Fundi, tukiiweka hii, gemu la GTA V si litacheza?"

Niliikuza ile picha. Ubavuni mwa kadi palikuwa na tundu la umeme la pini 6. Nikafungua mfuniko wa mashine yao, nikamwonyesha nyaya zinazotoka kwenye pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, mmoja baada ya mwingine. Waya wa pini 6 haumo. Wangetuma fedha jioni ile, kadi ingefika na basi, na ingebaki kwenye boksi lake.

Hawa si wa kwanza, na kila mara inaniuma kuona fedha ya familia ikienda mahali pasipo na tatizo. Kabla ya kutoa hata shilingi, jua mashine yako imekwama wapi na boksi lake linaruhusu nini. Bajeti hupangwa na hayo mawili.

Prosesa ya mashine ile, yaani ubongo wake, ni Core i5-3470 ya mwaka 2012, yenye viini vinne na kasi ya 3.2 GHz. Nilimwambia kijana asiiguse. GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, watengenezaji wake waliitaja prosesa hiyo hiyo katika orodha ya vifaa wanavyovipendekeza, pamoja na ramu (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya 8GB na kadi ya GTX 660 ya 2GB. Mama aliposikia hivyo uso ulimkunjuka. Kumbe kilichopungua ni hivyo viwili vya mwisho.

Tukaiwasha. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja utapata dirisha linaloonyesha kipi kimelemewa. Bila gemu lolote kufunguliwa, hadi diski (diski kuu inayotunza data) ilikuwa inatumika kwa asilimia 100, na ilikaa hapo dakika nzima. Ramu ilikuwa kijiti kimoja cha 4GB, nacho kimejaa zaidi ya robo tatu. Tulipoipa prosesa kazi nzito, joto lilipanda mpaka nyuzi 98. Prosesa ikifika kikomo chake cha joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mchezaji huona gemu linakatikakatika asijue kwa nini.

Basi tukaanza na usafi. Sisi wa mwambao tuna shida ambayo video nyingi za mafunzo haziigusi: upepo wa bahari una chumvi na unyevu, na vumbi likishanata kwenye mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachopoza prosesa, linakuwa tope kavu. Blowa peke yake hailitoi. Natumia brashi ya rangi iliyo laini, kisha blowa, na feni naishika kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuharibika beringi. Pesti ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka kama chaki. Niliifuta kwa spiriti, nikaweka mpya, kiasi cha punje ya choroko. Meno ya ramu niliyasugua taratibu kwa kifutio cha penseli kutoa kutu nyepesi. Tukarudia kipimo kile kile: nyuzi 67. Gharama yake ni pesti na nusu saa ya kazi.

Halafu hadi diski. Ile ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono unaotafuta data huku na huku, na kila safari ya mkono ule inachukua milisekunde kumi hivi. SSD, diski ya kisasa ya chipu tupu, haina mkono. Inafika kwenye data kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Tuliweka SSD ya 240GB kwa ajili ya Windows na gemu analolicheza kila siku, hadi diski ikabaki kuwa ghala. Ila nilimweleza wazi: SSD haiongezi fremu, yaani idadi ya picha, kwa sekunde. Inaondoa kusubiri, na inaondoa ile mikwamo ya ghafla unapoingia mtaa mpya ndani ya gemu.

Kwenye ramu, kijana alitaka kijiti kimoja cha 8GB. Nilimshauri aongeze 4GB ya pili, kasi ile ile, kwenye sloti ya jozi. Wazee wa bandari yetu wanakumbuka meli zilivyokuwa zikitia nanga nje na shehena kuletwa gatini kwa matishari. Kijiti kimoja ni tishari moja. Vikiwa viwili vinavyolingana, matishari mawili yanakwenda na kurudi kwa pamoja: ramu ya DDR3-1600 inapanda kutoka uwezo wa 12.8 GB kwa sekunde hadi 25.6. Asiye na fedha ya kadi kabisa ndiye anayefaidika zaidi na hili, kwa kuwa grafiki za ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yake. Zinaazima ramu hiyo hiyo.

Sasa kadi. Sloti ya madabodi, ile bodi kuu ya mashine, inatoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayotaka kupita hapo lazima iongezewe waya kutoka pawa saplai. OptiPlex 7010 ya boksi refu ina pawa saplai ya wati 275, na ile nyembamba ina wati 240. Chukua wati 77 za prosesa, ongeza 75 za kadi, weka na za feni, diski na madabodi, bado uko chini ya 200. Kwa hiyo tafuta kadi isiyo na tundu la umeme: GTX 750 Ti inayokula wati 60, au GTX 1050 Ti inayokula 75. Mwenye boksi jembamba atafute yenye kimo cha nusu, maana kadi ya kawaida haitafunga mfuniko. Wapo wanaoniambia tubadilishe pawa saplai tu. Kwenye 7010 inawezekana kwa sababu plagi yake kubwa ni ile ya kawaida ya pini 24, lakini OptiPlex 9020 ya kizazi kilichofuata ina plagi ya pini 8 ya Dell yenyewe, na utahitaji waya maalumu wa kuunganishia. Zile pawa saplai nyepesi zisizo na jina, zilizoandikwa wati 500, sizifungi kwenye mashine ya mtu. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, zikifa huwa zinakufa na madabodi.

Kadi za bandia nazo zimejaa, na hapa nataka msomaji aende nami polepole. Miaka michache nyuma niliagiza kwa mteja kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti ya 4GB. Boksi zuri, stika nzuri. Skrini ikawaka vizuri, lakini tulipoingiza draiva, programu ya kuiendesha kadi, mashine ikaganda. Nilipotoa feni na kufuta pesti, chipu ilikuwa na maandishi GF116, yaani GTX 550 Ti ya mwaka 2011 iliyobadilishwa jina ndani ya programu yake. Yule mteja nilimlipa kutoka mfukoni mwangu, na tangu siku hiyo sipokei kadi bila kuikagua mbele ya mwenyewe.

Ukaguzi wenyewe ni huu. Angalia nyuma ya kadi: familia ya GTX 10 haitoi kabisa ishara ya analogi, hivyo ukiona tundu la bluu la VGA, linalotoa ishara hiyo, kwenye kadi inayojiita 1050 Ti, irudishe. Kisha weka programu ya bure iitwayo GPU-Z. Kadi ya 1050 Ti ya kweli ina chipu GP107 na sheda (vitengo vidogo vya kukokotoa picha) 768. 750 Ti ina GM107 na sheda 640. Ukikuta 192, umeuziwa chipu ya zamani. GPU-Z za tangu mwaka 2018 huandika zenyewe neno FAKE mbele ya jina la kadi nyingi za aina hiyo. Na kadi ya GT 1030 iulizie ramu yake kwanza: yenye GDDR5 inafaa, lakini ya DDR4 iliyotoka 2018 ina kasi ya kupitisha data iliyo karibu theluthi tu ya ile, ingawa jina ni lile lile.

Tulimchagulia 750 Ti ya mtumba, iliyo nyuma kidogo tu ya GTX 660. Ina VGA halali, ikaingia moja kwa moja kwenye skrini yake ya mraba ya inchi 17. Aliniuliza kama aiuze skrini hiyo anunue pana. La! Ina nukta 1,280 kwa 1,024, yaani milioni 1.3, wakati skrini pana ya 1,920 kwa 1,080 ina zaidi ya milioni 2. Kila nukta isiyokuwepo ni kazi ambayo kadi haifanyi. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi yenyewe. Wengi huuacha kwenye tundu la madabodi, wakanipigia simu kuwa kadi ni mbovu.

Kuhusu Windows: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha 8. Hii ni ya kizazi cha 3. Nilimwambia mashine hii iwe ya gemu. Mambo ya benki na nywila za maana ayaweke kwingine.

Jioni gemu lilikimbia laini, kijana kimya kabisa, macho mbele. Mama ndiye aliyeuliza swali ambalo wateja wangu wengi hawaulizi: "Na luku, fundi?" Nikachomeka kipimo cha wati. Mashine pamoja na skrini, gemu likiendelea, vilikuwa vinakula wati 160. Masaa matatu ni karibu nusu uniti.

Mama akahesabu kimoyomoyo. "Masaa mawili," akamwambia mwanawe, "na baada ya kusoma." Kijana akaitikia, akaifunga mashine kwa ile kanga, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji.