Maswali kuhusu protini za damu na vipimo vipya

Nimeshapimwa vinasaba. Kupima protini kutaniongezea nini?

Vinasaba vyako ni vilevile ulivyozaliwa navyo, na seli ya ini inavyo sawa na ya ubongo. Protini hubadilika: ukiugua, ukila, ukizeeka, hata ukilala vibaya. Jeni zenye maelekezo ya kutengeneza protini ni kama 20,000 tu, ila aina za protini ni nyingi zaidi, kwani jeni moja huweza kutoa matoleo kadhaa, na protini ikishatengenezwa hubandikwa fosfeti, sukari au mafuta. Mwenye kisukari anaijua mojawapo bila kujua: HbA1c ni himoglobini, protini ya chembe nyekundu za damu, iliyogandwa na sukari. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kipimo hicho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu. Hakuna jeni inayoweza kukuambia hilo.

Maabara inazitambuaje?

Chombo kikuu ni spektrometa ya masi. Protini hukatwakatwa kwa kimeng'enya cha tripsini, vipande vikapewa chaji ya umeme na kupimwa uzito, kisha kompyuta ikatafuta vinatoka protini gani. John Fenn na Koichi Tanaka walipata sehemu ya Nobeli ya Kemia ya 2002 kwa kuonyesha namna ya kurusha molekuli kubwa hewani bila kuzivunja. Njia nyingine hutumia kingamwili, yaani protini za kinga, zinazonasa protini inayotafutwa. Ndiyo iliyotumika Uingereza katika UK Biobank, hazina ya sampuli na taarifa za afya za watu, ambako matokeo ya 2023 yalihusu protini karibu 3,000 katika damu ya watu zaidi ya 54,000.

Basi kwa nini tone moja la damu halitoshi kugundua kila ugonjwa?

Hapa ndipo watafiti wanapotoka jasho. Kama nusu ya protini zote za plazima, yaani majimaji ya damu, ni albumini: miligramu 35 hadi 50 kwa kila mililita. Intalukini-6, mjumbe wa uvimbe mwilini, kwa mtu mzima wa afya ni pikogramu (sehemu ya trilioni ya gramu) chache tu. Tofauti ni kama mara bilioni kumi, na zote zimo katika sindano ileile. Ni sawa na kutafuta mnong'ono wa mtu mmoja uwanjani wakati wa bao.

Hata mnong'ono ukisikika, nani kaunong'ona? Intalukini-6 hupanda kwa maambukizi, jeraha, ugonjwa wa baridi yabisi. PSA, protini itokayo kwenye tezi dume, hupanda kwa saratani ya tezi hiyo, na pia kwa tezi iliyotanuka tu kwa umri. Kuna na kero ndogo isiyotajwa sana: damu ikicheleweshwa kabla ya kutenganishwa, seli hupasuka na kumwaga protini zake, na mgonjwa asiye na shida anaonekana anayo.

Kuna faida iliyokwisha kufika kwa wagonjwa?

Ipo. Troponini, protini ya msuli wa moyo, hupimwa kila siku kwa wenye maumivu ya kifua. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu; hulinganisha protini mbili zinazohusishwa nao, p-tau217 na beta-amiloidi. Ni kwa wenye miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Si cha kupimia wasio na dalili.

Kwa upande wa tiba, mfano ninaoupenda ni bortezomib, dawa ya mieloma, aina ya saratani ya damu. Seli huzitia alama ya ubikwitini protini zisizotakiwa, kisha huzisaga kwenye proteasomu, kinu cha protini ndani ya seli. Ugunduzi wa mfumo huo ulileta Nobeli ya 2004. Seli za saratani ya mieloma hutengeneza kingamwili kupita kiasi, hivyo dawa ikiziba proteasomu, protini mbovu hurundikana na seli hufa. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani 2003.

Nimeona tangazo la kupima kwa protini "umri wa viungo" vya ndani, kama moyo na figo. Nilipie?

Utafiti upo na ni mzito, lakini unazungumzia hatari kwa makundi makubwa ya watu, na kutoka hapo hadi figo yako wewe ni mbali. Mimi nisingelipa. Kabla ya kutoa pesa, muulize daktari wako swali moja: jibu likija baya, tutafanya nini tofauti na leo? Akikosa jibu, pima shinikizo la damu na sukari kwanza.